Boksi langu dogo, kiuno changu kibovu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Nina malalamiko, lakini nimeona nisije mikono mitupu, niambatanishe na niliyojifunza kwa maumivu, huenda yakamfaa mpiga besi mwenzangu ambaye kiuno chake bado kizima.

Nina miaka 57, nakaa Tandika, na gitaa la besi nalipiga tangu nina miaka 19. Nimepiga dansi, nimepiga harusi, nimepiga hoteli za ufukweni Kunduchi mbele ya wageni wanaokula kamba bila kugeuza shingo, na Jumapili moja moja napiga kanisani. Ijumaa ya wiki juzi tuliitwa baa moja Sinza. Nilishuka kwenye bajaji saa kumi na moja jioni: gitaa kwenye begi la mabega mawili, amplifaya kwenye mkoba, boksi moja la spika mkononi. Mwenye baa alikuwa getini.

"Shikamoo mzee. Gari la vyombo liko nyuma?"

"Marahaba. Vyombo ndiyo hivi."

Akaliangalia boksi, akaniangalia mimi, akarudi kwenye boksi. "Mzee wangu, hii si redio ya kusikilizia mpira?"

Vijana wa bendi wakacheka, na mimi nikacheka, maana mwenye hela akicheka haachwi acheke peke yake. Kumbe mwenzetu hatanii. Alisema wateja wake wamezoea kuona bendi, na bendi isiyo na spika za kueleweka nyuma yake watadhani wameletewa mtu na kinanda. Akapiga simu, yakaletwa maboksi mawili meusi marefu kama milango, ya kukodi kwa jamaa mmoja wa disko, na shilingi elfu sitini zikakatwa kwenye malipo yetu. Sasa sikiliza, Mhariri. Yale maboksi hayakuchomekwa kabisa. Fundi mitambo alikosa waya wa kuyaingia, akayaacha hivyo hivyo. Yalisimama nyuma yangu usiku kucha kama walinzi wa benki, na watu wakacheza mpaka saa nane kwa kaboksi kangu ka kilo 13 na waya wa sauti niliompa fundi uingie kwenye spika za ukumbi. Wakati wa kufungasha mwenye baa akanishika bega: "Umeona mzee? Besi imekaa."

Nilikuwa nimechoka, sikumjibu. Namjibu hapa.

Vyombo vidogo sikuvinunua kwa ulimbukeni. Mwaka 2019, alfajiri ya Jumapili moja, tulikuwa tunarudi kutoka kwenye harusi Mbagala. Kirikuu ilisimama mbali na mlango wangu kwa sababu ya dimbwi. Nikapanda nyuma kushusha boksi langu la zamani, lile la spika nne za inchi kumi kumi. Nililivuta, nikalikumbatia, halafu, mguu mmoja ukiwa chini kwenye mchanga na mwingine bado kwenye bodi ya gari, nikajipinda kulipitisha upande wa kushoto. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti imevunjika, na magoti yakaacha kunisikiliza. Boksi lilitua kwenye mchanga salama salimini. Mimi nililala kwenye bodi ya kirikuu hadi jua likatoka, dereva kanifunika turubai, mama watoto anabishana na majirani kama nibebwe kwa godoro au kwa mlango.

Daktari alinionyesha picha. Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza na kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana ganzi ilikuwa inaniteremkia pembeni mwa mguu na kukaa kwenye kidole gumba, mpaka nikawa navaa kandambili moja bila kujua kwamba nyingine imebaki mlangoni. Sikupasuliwa. Nilipelekwa kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akanipa ndoo ya maji na kuniambia, "Baba, hebu nionyeshe unavyobeba." Nikabeba. Akafumba macho. Halafu akauliza kile chombo changu cha kazi kina kilo ngapi, na hapo ndipo nilipoona aibu, maana nilikuwa nimekibeba miaka kumi na nne na sikuwa najua.

Nikaenda kulipima. Wale vijana wanaonunua vyuma chakavu wana mizani nzuri kuliko ya bucha. Boksi: kilo 46. Amplifaya yake: kilo 19. Kijana wa mizani akaniuliza nauza yote au natoa chuma tu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, Mhariri, na wabeba saruji hawavai suti wala hawatarajiwi kutabasamu baada ya kushusha. Yule binti aliniambia kuwa Marekani kuna taasisi ya serikali ya usalama na afya kazini ambayo hesabu yake ya kunyanyua mizigo inaanzia kilo 23, na hizo ni pale mzigo ukiwa karibu na mwili, una pa kushika, na hujipindi. Ukijipinda, au mzigo ukiwa mbali na tumbo, zinashuka. Mimi nilikuwa na mara mbili yake, nimejipinda, mguu mmoja hewani, saa kumi na moja alfajiri.

Niseme jambo kwa vijana ambao hawakuiona dansi ya zamani. Zile bendi kubwa tulizokulia zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park tangu ishike jina la DDC ilikuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vilikuwa vya shirika. Mimi mtoto nikichungulia ukumbi wa DDC Kariakoo, niliona watu wakishusha maspika kutoka kwenye gari, na wapigaji wakaja baadaye wamenyoosha mashati. Leo mpigaji ndiye shirika, ndiye dereva, ndiye mbebaji. Lakini sura ya jukwaa iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ile ya siku zile, na sasa inabebwa na kiuno cha mtu mmoja.

Na si sisi tu. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa amplifaya ya besi iitwayo SVT, wati 300, valvu 14 ndani yake, zile taa za kioo za kukuzia sauti, uzito karibu kilo 40, na boksi lake la spika nane za inchi kumi, ambalo hata la siku hizi lina kilo 60 na ushei. Wapigaji wenyewe wanaliita friji. Ilitengenezwa kwa ajili ya viwanja vikubwa, wakati ambapo spika za ukumbi zilikuwa za waimbaji tu na besi ilibidi ijitegemee. Ilikuwa na sababu yake. Baa ya Sinza yenye meza thelathini haina sababu hiyo.

Uzito wa zamani ulitoka sehemu tatu, na nimezisoma baada ya kuumia, kama tunavyofanya wengi. Ya kwanza ni transfoma. Umeme wetu unapiga hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo wa polepole transfoma inahitaji chuma kingi na shaba nyingi. Amplifaya za sasa zinaukata umeme kwanza ukawa wa makumi ya maelfu ya hezi na zaidi, na kwa kasi hiyo transfoma ya ukubwa wa kiberiti kikubwa inafanya kazi ya lile tofali. Ya pili ni joto. Transista za zamani zinafanya kazi kama bomba lililofunguliwa nusu: karibu nusu ya umeme inaishia kuwa joto, ndiyo maana nyuma kulikuwa na mapezi ya aluminiamu. Hizi ziitwazo klasi D zinafungua bomba lote au kulifunga lote, mara laki kadhaa kwa sekunde, na kwenye asilimia 90 ya umeme inafika kwenye spika. Hazichemki, kwa hiyo hazihitaji mapezi. Ya tatu ni sumaku ya spika yenyewe. Sumaku za neodimiamu, zilizogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zina nguvu kubwa kwa umbo dogo, na ukibadilisha zile sahani nzito nyeusi ukaweka hizi, kila spika inapungua kilo kadhaa. Zidisha mara nne uone.

Matokeo yake, leo kuna amplifaya ya Trace Elliot inayoitwa Elf, wati 200, haifiki kilo moja. Inaingia mfuko wa koti. Siipigi mimi, yangu ni ya kilo mbili na kitu, niliinunua imetumika kwa laki tisa na nusu baada ya kuuza ng'ombe wawili wa urithi Kilosa, na shemeji yangu hajanisamehe.

Sasa ukienda dukani Kariakoo, usianze na wati. Anza na kunyanyua. Mwombe muuzaji ulishike boksi, utembee nalo mpaka mlangoni na kurudi. Angalia mshikio uko wapi. Mshikio mmoja ubavuni unakuvuta upande mmoja, na kiuno kibovu kinachukia upande mmoja kuliko kinavyochukia kilo. Mimi nilichagua njia ya maboksi mawili madogo, kila moja spika moja ya inchi 12, kilo 13 kila moja. Harusi ya ukumbi mkubwa nabeba yote mawili, moja kila mkono, mwili umenyooka kama mchota maji wa ndoo mbili. Baa, nabeba moja. Boksi moja la kilo 26 ni jumla ile ile kwenye mizani, lakini mwulize mgongo wako kama ni kitu kile kile. Hata hao wanaouza amplifaya na spika vikiwa kitu kimoja wamepunguza sana: Fender Rumble 500, yenye spika mbili za inchi kumi, ni kilo 16 na nusu. Kwa mtu ambaye hataki kuhangaika na waya, inatosha.

Ila hapo hapo soma maandishi ya nyuma. Hiyo Rumble haitoi wati 500 mpaka uichomekee boksi la pili. Ikiwa peke yake ni 350. Si uongo, ni hesabu ya omu, kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Amplifaya nyingi zinatoa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko zikikutana na omu 4, na boksi moja la omu 8 linachukua pungufu. Ndiyo maana nilinunua maboksi ya omu 8 kila moja: mawili yakiungwa sambamba yanakuwa omu 4, amplifaya inatoa kila ilicho nacho. Ukinunua mawili ya omu 4 ukayaunga hivyo yanakuwa omu 2, na amplifaya isiyoruhusu hilo utaizika. Nimeshuhudia mazishi ya namna hiyo Temeke, moshi mweupe, tumba zikaendelea peke yake.

Na wati zenyewe zisikutishe. Kutoka wati 100 kwenda 200 unapata desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, kitu ambacho mlevi wa meza ya nyuma hatakigundua. Boksi linalotoa desibeli 97 kwa wati moja linalishinda la 94 kama vile umeongeza wati mara mbili, bure, bila kubeba chochote. Hiyo namba ya boksi ndiyo ya kuuliza. Wauzaji wengi hawaijui. Muulize hivyo hivyo ili aone unajua.

Nisiwe kama mganga anayesifia dawa yake tu. Boksi dogo lina mipaka. Waya wa chini wa besi, ule wa mi, unapiga hezi 41, na huwezi kupata kwa pamoja boksi dogo, sauti ya chini kabisa na kelele kubwa. Moja lazima uliache. Nimekaa na boksi langu uwanjani Mnazi Mmoja, bila kuta, bila spika za nje za kunisaidia, na besi ikawa inapeperuka kama moshi wa mishikaki. Siku hiyo nililikumbuka lile jinamizi la kilo 46. Kwa shughuli ya uwanjani, besi ipitie kwenye mitambo mikubwa ya mwenye mitambo, na boksi lako libaki la kujisikia mwenyewe tu. Liegemeze kidogo, au lipandishe kwenye kreti ya soda, likuelekee masikio. Likikaa chini linavipigia vigimbi vya miguu yako muziki, wewe unaongeza sauti, mpiga solo anaongeza, na mpaka saa sita hakuna anayemsikia mwimbaji. Ukumbi ukiwa mtupu na besi nyembamba, lirudishe sakafuni karibu na ukuta; sakafu na ukuta vitakuongezea uzito bila kukuongezea mzigo.

Tatizo lingine ni matengenezo. Amplifaya yangu ya zamani ilikufa mara sita na mara sita fundi wangu wa Gerezani aliifufua kwa transista za kununua pale pale mtaani. Hii ndogo alipoifungua alikaa kimya, akarudisha skrubu. Vifaa vya ndani ni kama punje za ulezi, akaniambia, "Kaka, hii ikifa tutakuwa tunaibadilishia bodi nzima." Kwa hiyo nailinda kama yai. Umeme ukianza kucheza nazima. Natembea na stebilaiza, na jenereta ikiwashwa nasubiri itulie ndipo nichomeke.

Na jambo la umeme limemwangusha kijana mmoja ninayemfahamu. Aliletewa amplifaya nyepesi na ndugu yake kutoka Marekani, kilo mbili, amefurahi. Nyuma imeandikwa volti 120 basi. Kwetu ni 230. Akanunua transfoma ya kupunguza umeme, chuma kitupu, kilo 11. Sasa anabeba kilo 13 kwa mikono miwili tofauti. Kabla hujamtuma ndugu, mwambie atazame nyuma kama pameandikwa 100 hadi 240, au kama pana kitufe cha kuchagua volti.

Magurudumu? Kwenye vigae vya hoteli ni raha. Kwenye mchanga wa Mbagala na kwenye ngazi za pantoni, magurudumu ni uzito wa nyongeza. Gitaa nalo litazame: langu la zamani ni kilo 4 na nusu, na shoo ya masaa matano ni masaa matano ya kilo 4 na nusu kwenye bega moja. Nilinunua mkanda mpana wa ngozi kwa fundi viatu, upana wa kiganja, na nusu ya shoo napiga nimekaa kwenye stuli ndefu. Mwanzoni niliona haya. Sasa wananiita Mwenyekiti.

Rudi kwa mwenye baa. Ndugu yangu, na wengine wenye kumbi mnaosoma gazeti hili: mkitaka mapambo, wekeni mapambo, tutayaheshimu. Lakini msitukate pesa. Mtufanyie jaribio rahisi. Simameni pale kwenye meza ya mwisho, kaunta, chooni hata, sisi tupige wimbo mmoja kabla wateja hawajaja. Besi isipofika, mkodishe mnachotaka na mimi nitalipa mwenyewe. Ikifika, zile elfu sitini ziingie kwa vijana wa bendi, ambao wawili kati yao nauli ya kurudia Gongo la Mboto waliikopa kwangu usiku ule ule.

Kuhusu lile boksi la kilo 46, bado ninalo. Mama watoto amelifunika kitambaa cha kufuma akaweka runinga juu yake, na wageni wanadhani ni samani ya kuagiza. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja mpiga besi kutaka kulinunua, ana hela taslimu, ana haraka, kaja peke yake na bodaboda. Nilimwambia aende akarudi na wenzake wawili. Hajarudi bado.

Jina langu unalo, Mhariri, lakini naomba usilichapishe. Ijumaa ijayo tumeitwa tena Sinza.

Mpiga besi,
Tandika, Dar es Salaam